Hesabu ya Damu kwa Wanaotumia Dawa za Akili

Dawa zinazotibu maradhi ya akili huandikwa kwa ajili ya ubongo, lakini hakuna inayofika huko bila kupita katika damu, na katika safari hiyo baadhi yake huweza kupunguza, kuongeza au kudhoofisha chembe za damu zenyewe. Wagonjwa wengi na jamaa wanaowauguza huelezwa mapema kuhusu usingizi mzito, kunenepa, mdomo kukauka na mikono kutetemeka, yaani madhara yanayoonekana kwa macho. Kuhusu damu huambiwa machache, au huambiwa tu waende maabara bila kuelezwa kinachotafutwa huko. Hapo huzaliwa makosa ya aina mbili yanayopingana: wapo wanaoendelea kumeza dawa ilhali dalili ya hatari imekwisha kujitokeza, na wapo wanaokatishwa dawa iliyowaletea nafuu kwa sababu ya namba moja iliyosomwa vibaya. Kosa la kwanza huua kwa haraka na la pili huua polepole, na yote mawili huzuilika pale mgonjwa, mlezi wake na mhudumu wa afya wanapojua hesabu ya damu inasema nini, na inapaswa kusomwa pamoja na mambo gani mengine.

Kipimo kinachohusika ni picha kamili ya damu, ambacho hospitali nyingi za Afrika Mashariki hukifanya kwa mashine na kutoa majibu siku hiyohiyo. Kipimo hiki huhesabu makundi matatu ya chembe zinazotengenezwa katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa mikubwa. Chembe nyekundu hubeba oksijeni na huishi siku 120 hivi. Chembe sahani, ambazo huziba jeraha na kuanzisha kuganda kwa damu, huishi siku 7 hadi 10. Nyutrofili, kundi kubwa zaidi la chembe nyeupe na kinga ya kwanza dhidi ya bakteria na kuvu, hukaa katika mkondo wa damu kwa saa kadhaa au siku chache tu. Tofauti hii ya umri ina maana kubwa kwa mtumiaji wa dawa, kwa sababu uboho ukiacha kutengeneza nyutrofili leo, akiba iliyopo hukauka ndani ya siku chache, huku kiwango cha hemoglobini kikiwa hakijatikisika hata kidogo. Mgonjwa anaweza basi kuambiwa kwamba damu yake inatosha, akafurahi na kurudi nyumbani, kumbe kilichopimwa ni wekundu wa damu na si kinga yake. Anayekwenda kupimwa kwa ajili ya dawa za akili hana budi kuhakikisha kwamba cheti alichopewa kinaonyesha jumla ya chembe nyeupe na mgawanyo wake, si hemoglobini peke yake.

Dawa iliyofanya suala hili lijulikane duniani ni klozapini. Iliingia katika matibabu barani Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwasisimua madaktari, kwani ilituliza skizofrenia, yaani maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushika imani zisizo na msingi, bila kumkakamaza misuli kama zilivyofanya dawa zilizotangulia. Katika miezi michache ya mwaka 1975, nchini Finland, wagonjwa waliokuwa wakiitumia walianza kuugua homa kali na maambukizi ya koo na mapafu, na 8 kati yao walifariki kutokana na agranulositosisi, hali ambayo nyutrofili hupungua mpaka karibu na kutoweka. Dawa ikaondolewa au kuwekewa vizuizi katika nchi nyingi. Iliyoirudisha ni kazi ya John Kane na wenzake iliyochapishwa Marekani mwaka 1988, ambayo iliwachukua wagonjwa wa skizofrenia walioshindikana kwa dawa nyingine na kuonyesha kwamba katika wiki 6 asilimia 30 ya waliopewa klozapini walipata nafuu, wakati kati ya waliopewa klorpromazini, mojawapo ya dawa zilizotangulia, waliopata nafuu walikuwa asilimia 4. Kuanzia hapo dawa ikaruhusiwa kwa sharti kwamba damu ipimwe kwa ratiba, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hatari yenyewe si kubwa kama hofu inayoizunguka, ila ina tabia zinazopaswa kufahamika. Chini kidogo ya mtu 1 katika kila watumiaji 100 hupata upungufu mkubwa wa nyutrofili, wengi wao katika wiki 18 za kwanza, na baada ya mwaka mmoja uwezekano hushuka sana ingawa hauishi kabisa. Tabia ya pili, ambayo hata baadhi ya wahudumu huisahau, ni kwamba athari hii haifuati ukubwa wa dozi: hutokana zaidi na namna kinga ya mwili ya mtu fulani inavyoipokea dawa, kwa hiyo anayemeza kidonge kimoja usiku hayuko salama zaidi kuliko anayemeza vinne, na kupunguza dozi si tiba ya nyutrofili zinazoporomoka. Ndiyo maana ratiba za upimaji zimepangwa kwa kufuata muda tangu dawa ilipoanzwa. Utaratibu uliotumika Uingereza kwa miaka mingi ulidai kipimo kila wiki kwa wiki 18, kisha kila wiki 2 hadi mwaka utimie, kisha kila wiki 4. Marekani ilidai kila wiki kwa miezi 6, kila wiki 2 kwa miezi 6 mingine, kisha kila mwezi. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliufuta mfumo wa lazima wa kuwasajili watumiaji, lakini ushauri wa kupima damu uliendelea kuwapo.

Hapa inafaa kuingia ndani ya cheti chenyewe, maana ndipo uamuzi unapofanyika. Tuseme cheti kinaonyesha chembe nyeupe 3.4, zikiwa na maana ya chembe 3,400 katika kila mikrolita ya damu, na mbele ya neno nyutrofili pameandikwa asilimia 38. Asilimia peke yake haimwambii mtu lolote la maana. Kinachohitajika ni idadi halisi, nayo hupatikana kwa kuzidisha jumla kwa asilimia hiyo, kwa hiyo 3,400 mara 38 gawanya kwa 100, jibu ni nyutrofili 1,292. Kwa vigezo vya zamani vya Uingereza, vilivyogawanywa kwa rangi za taa za barabarani, kiwango kilicho chini ya 1,500 kilikuwa chekundu na dawa ilipaswa kusimamishwa papo hapo. Kwa vigezo vya Marekani vilivyorekebishwa mwaka 2015, idadi hiyohiyo ni upungufu mdogo, ambapo dawa huendelea na damu hupimwa mara 3 kwa wiki mpaka ivuke tena 1,500, na dawa husitishwa inaposhuka chini ya 1,000. Na kwa mtu ambaye kwa asili yake ana nyutrofili chache, vigezo hivyohivyo vya Marekani huihesabu 1,292 kuwa kiwango cha kawaida kisichodai hatua yoyote.

Suala la asili linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, na wengine katika jamii za Uarabuni, Oman ikiwamo, hawana juu ya chembe zao nyekundu protini iitwayo Duffy, na ukosefu huo, ambao huwakinga dhidi ya aina mojawapo ya vimelea vya malaria, huenda sambamba na idadi ndogo ya nyutrofili katika mkondo wa damu. Watu hao si wagonjwa, hawapatwi na maambukizi zaidi kuliko wengine, na uboho wao unapohitajika kuongeza kinga huongeza bila taabu. Tatizo ni kwamba viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni mwa vyeti vingi vilipatikana kwa kuwapima watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, na kwa miaka mingi wagonjwa weusi walinyimwa klozapini, au walikatishwa, kwa kosa la kuwa na damu ya kwao. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliliweka jambo hili katika maandishi na kuwashushia watu hao kigezo cha kuanza dawa kutoka 1,500 hadi 1,000. Kinga bora dhidi ya hukumu ya namna hiyo ni rahisi: damu ipimwe angalau mara 2 kabla ya kumeza dozi ya kwanza, na majibu hayo yahifadhiwe, kwa sababu mtu ambaye siku zote amekuwa na 1,400 na leo ana 1,300 yuko mbali sana na yule aliyekuwa na 4,800 mwezi uliopita na leo amefika 1,900, ijapokuwa cheti cha huyu wa pili huenda kisiwe na alama yoyote ya onyo.

Namba pia inaweza kudanganya kwa sababu ya namna ilivyopatikana. Nyutrofili huwa chache zaidi asubuhi na huongezeka kuelekea alasiri, hivyo majibu yaliyoshuka kidogo ya saa 2 asubuhi yanastahili kurudiwa mchana kabla ya kufikia uamuzi mkubwa, mradi mgonjwa hana homa. Chembe sahani nazo zina kioja chao: kwa baadhi ya watu hushikana vifundo ndani ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau kwa sababu ya kemikali inayozuia damu kuganda, mashine ikazihesabu kuwa chache mno, kumbe zimo. Mtaalamu wa maabara akitandaza tone la damu hiyo juu ya kioo na kulitazama kwa hadubini, vifundo huonekana na hofu huisha. Mlezi ana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika kabla dawa haijabadilishwa.

Klozapini haiko peke yake. Kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol na hutolewa kwa kifafa na kwa maradhi ya hisia mseto, yaani yale yanayomtoa mtu katika furaha iliyopindukia na kumtumbukiza katika huzuni nzito, hupunguza chembe nyeupe kwa kiasi kidogo na kwa muda katika takriban mtumiaji 1 kati ya 10. Upungufu huo kwa kawaida haudai kuacha dawa, bali kufuatiliwa. Kuporomoka kwa uboho wote ni nadra sana, ingawa hutokea mara 5 hadi 8 zaidi ya inavyotokea kwa watu wasioitumia. Dawa hiyo, pamoja na fenobabitoni na fenitoini ambazo zimejaa katika kliniki za kifafa za wilayani, huweza pia kushusha foliki asidi mwilini na kufanya chembe nyekundu ziwe kubwa kupita kawaida, jambo linalopaswa kukumbukwa hasa kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba. Klorpromazini, yaani Largactil, nayo ina historia ya kusababisha agranulositosisi, ingawa mara chache zaidi kuliko klozapini, na pengine kwa sababu ya kuzoeleka kwake hakuna anayeiogopa.

Sodiamu valproeti, maarufu kwa jina la Epilim, hugusa upande mwingine: hupunguza chembe sahani, na tofauti na klozapini, athari yake hufuata dozi, kwa hiyo huonekana zaidi kwa wanaopewa kiasi kikubwa na mara nyingi hupungua dozi ikishushwa. Dalili zake ni fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki, damu ya pua isiyokoma, hedhi nzito kuliko kawaida, na madoa ya kuvia damu yanayotokea ngozini bila mtu kujigonga. Anayetumia valproeti akaandikiwa upasuaji, hata wa kung'oa jino, hana budi kumjulisha daktari na kupimwa damu kwanza. Dawa za sonona za jamii ya fluoksetini na setralini zina hila zaidi, kwa kuwa hazipunguzi idadi ya chembe sahani bali hudhoofisha kazi yake: chembe hizo hutumia kemikali iitwayo serotonini kushikamana, na dawa hizi huzizuia kuikusanya, ndiyo sababu cheti huweza kuonyesha 250,000 zilizo safi kabisa huku tumbo likivuja damu. Hatari hiyo hukua pale mgonjwa anapojinunulia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa maumivu ya mgongo, na dawa hizo katika miji yetu hupatikana kwa urahisi uleule wa kupata chumvi.

Lithiamu hufanya kinyume cha nyingine zote: huongeza nyutrofili. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anaitumia anaweza kuziona chembe nyeupe nyingi akazidhania kuwa ni maambukizi na kumpa antibiotiki asizozihitaji. Wapo wataalamu wanaoitumia tabia hiyo kwa makusudi, wakimpa lithiamu mtumiaji wa klozapini ambaye nyutrofili zake ni chache kwa asili, na mbinu hiyo hufaa mradi ieleweke kwamba haizuii agranulositosisi ya kweli. Lithiamu yenyewe, hata hivyo, ni dawa inayokaa karibu sana na sumu, kwa kuwa hutolewa na figo, na chochote kinachopunguza maji au kazi ya figo huipandisha katika damu: kuhara, kutapika, jua kali, kufunga bila kunywa maji ya kutosha usiku, diklofenaki na ibuprofeni zilizokwisha kutajwa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu.

Kutoka hapo mjadala unafika kwenye makutano ya dawa, na ni vyema kutofautisha sehemu mbili dawa zinapokutana. Ya kwanza ni uboho, ambako dawa mbili zisizojuana kabisa huweza kuuelemea kwa pamoja. Kotrimoksazoli, yaani Septrin, hupewa watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na maambukizi mengine, nayo hupunguza chembe nyeupe kwa baadhi yao. Zidovudini, dawa ya virusi hivyo ambayo siku hizi hutumika zaidi dawa za mwanzo zinaposhindwa, hushusha hemoglobini na nyutrofili. Kloramfenikoli, iliyokuwa tegemeo la tiba ya taifodi, hudhoofisha uboho. Kabimazoli ya tezi ya shingo huweza kuleta agranulositosisi yenyewe. Na haidroksiyurea, inayowasaidia wenye seli mundu, hufanya kazi kwa kuuzuia uboho kwa kipimo. Amodiakwini nayo imo katika orodha hii, na ni jambo la kuzingatiwa Zanzibar, ambako mseto wa atesuneti na amodiakwini uliteuliwa tangu mwaka 2003 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na vilevile Kongo, ambako mseto huo umetumika sana. Hakuna kati ya hizi iliyo haramu kwa kila mtumiaji wa dawa za akili, ila kuzichanganya na klozapini au kabamazepini kunadai daktari ajue na damu ipimwe mara nyingi zaidi. Klozapini na kabamazepini zenyewe hazipaswi kukutana katika mtu mmoja. Vilevile klozapini haichanganywi kirahisi na sindano za dawa za akili za muda mrefu zinazochomwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu nyutrofili zikiporomoka kidonge huachwa leo, bali dawa iliyokwisha kudungwa msulini haiwezi kutolewa.

Sehemu ya pili ni ini, ambako vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja dawa, huhudumia dawa nyingi kwa zamu. Dawa moja ikivizuia, nyingine hurundikana, na ikivichochea, nyingine huyeyuka kabla haijafanya kazi. Kabamazepini ni mchochezi mkubwa. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango mpaka mwanamke akashika mimba bila kutarajia, hushusha dawa za skizofrenia kama haloperidoli na risperidoni mpaka maradhi yakarudi, na huipunguza dolutegraviri kiasi kwamba mgonjwa wa virusi vya UKIMWI anayelazimika kuzitumia zote mbili hupewa dolutegraviri mara 2 kwa siku badala ya mara 1, kama haikuwezekana kumbadilishia kabamazepini yenyewe. Rifampisini ya kifua kikuu huchochea vivyo hivyo, na mwenzake isoniazidi huipandisha kabamazepini, hivyo anayeanza tiba ya kifua kikuu huku akitumia dawa za akili huwa ameanza hesabu mpya katika pande zote mbili. Valproeti kwa upande wake huizuia lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, isivunjwe, na lamotrijini iliyopandishwa haraka juu ya valproeti huweza kuleta vipele vya hatari vinavyobabua ngozi.

Klozapini huvunjwa na kimeng'enya ambacho moshi wa sigara hukichochea. Si nikotini inayofanya hivyo bali moshi, na mvutaji huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Akilazwa katika wodi isiyoruhusu sigara, au akiamua kuacha, kiwango cha dawa katika damu yake huweza kupanda kwa nusu au zaidi ndani ya siku chache, akaanza kusinzia mchana, kudondokwa na mate na hata kupata degedege, ilhali vidonge ni vilevile. Kuacha sigara ni jambo jema na lisikatazwe. Linalotakiwa ni kumjulisha daktari siku ileile. Siprofloksasini, antibiotiki inayouzwa madukani kwa kila tumbo linalouma, na fluvoksamini ya sonona hukizuia kimeng'enya hicho, na maambukizi makali yenyewe hukidhoofisha, kwa hiyo mtu mwenye nimonia anaweza kulewa klozapini aliyoizoea kwa miaka.

Yote haya huishia kwenye homa. Katika ukanda wetu homa ina jina kabla haijapimwa: huitwa malaria, na isipokuwa malaria huitwa taifodi, kisha dawa hununuliwa. Kwa mtumiaji wa klozapini, hasa wa miezi ya mwanzo, mazoea hayo ni ya hatari kuliko dawa yenyewe. Joto la nyuzi 38 au zaidi, koo linalouma, vidonda mdomoni au uchovu wa ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku au sikukuu, na kudai vipimo viwili kwa pamoja, cha malaria na picha kamili ya damu. Malaria ikionekana haifuti haja ya kuhesabu nyutrofili, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Joto lipimwe na kuandikwa kabla ya kumeza Panadol, maana homa iliyozimwa humfanya mpokeaji wa zamu aone mgonjwa asiye na haraka. Mlezi aseme waziwazi jina la dawa na tarehe ilipoanzwa. Sentensi fupi kwamba mgonjwa anatumia klozapini tangu mwezi fulani na lazima nyutrofili zake zihesabiwe hubadilisha mpangilio wa foleni nzima. Nyutrofili zikiwa chini ya 500 pamoja na homa, dawa husimamishwa, mgonjwa hulazwa na antibiotiki za mshipani huanza bila kusubiri majibu mengine, na kwa kawaida klozapini hairudishwi tena. Haraka hiyohiyo inafaa kwa maumivu ya kifua na mapigo ya kasi katika wiki za mwanzo, dalili zinazoweza kumaanisha kuvimba kwa msuli wa moyo, na kwa choo kilichofunga siku kadhaa pamoja na tumbo kujaa, kwani utumbo uliolala kwa klozapini umeua watu pia, ingawa hauna ratiba ya vipimo wala sifa ya kutisha.

Kuna tabia moja miongoni mwa baadhi ya waganga inayostahili kusemwa bila kuficha: kwa kuiogopa hesabu ya damu, humwacha mgonjwa asiyepona juu ya mchanganyiko wa dawa 3 au 4 kwa miaka, kila moja ikiwa na madhara yake na pamoja zikiwa na makutano yasiyofuatiliwa na yeyote. Skizofrenia isiyotibiwa ina vifo vyake, na klozapini ndiyo dawa iliyothibitika kupunguza majaribio ya kujiua kwa wenye maradhi hayo. Palipo na maabara yenye mashine inayofanya kazi na mtu wa kuyasoma majibu, woga si sababu tosha. Pasipo na hivyo, klozapini isianzwe, na ni haki ya familia kuuliza mapema kipimo kinalipiwaje na mashine ikiharibika damu itapelekwa wapi.

Kwa upande wa nyumbani, kinachosaidia zaidi ni daftari la bei ndogo. Ukurasa mmoja uandikwe dawa zote, zikiwamo za virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, shinikizo la damu, uzazi wa mpango na mitishamba, pamoja na tarehe ya kuanza na kila badiliko la dozi. Ukurasa unaofuata ubandikwe au unakiliwe kila cheti cha damu kwa mfululizo, namba halisi za nyutrofili na chembe sahani zikiwa zimepigiwa mstari. Daftari hilo liende na mgonjwa kila anakokwenda, kliniki ya akili, ya meno, ya wajawazito au duka la dawa, kwa kuwa kila mlango huandika dawa zake bila kuuona mlango mwingine. Mfamasia akionyeshwa orodha huweza kuliona tatizo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Likibaki jambo moja, ni la dozi zilizorukwa, kwani dawa huisha bohari, safari hurefuka, na mgonjwa aliyejisikia vizuri huamua mwenyewe kupumzika. Kabamazepini na valproeti zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege hata kwa asiyekuwa na kifafa, na lithiamu ikikatwa ghafla huweza kurudisha wazimu wa furaha kwa nguvu zaidi. Klozapini ina kanuni yake: zikipita zaidi ya saa 48 tangu dozi ya mwisho, mgonjwa asirudie kiasi alichokizoea, kwa sababu mwili umekwisha kuisahau na dozi kamili huweza kushusha shinikizo la damu mpaka akazimia au moyo ukasimama; badala yake dawa huanzwa upya kwa miligramu 12.5 na kupandishwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Na ikiwa ameiacha kwa zaidi ya wiki 4, ratiba ya damu nayo huanza upya kama ya mgonjwa mgeni, kipimo cha kwanza kikitangulia kidonge cha kwanza.